Makaburi na Mizimu: Historia ya Majina ya Mahali pa Kuzikia katika Nyanda za Juu Kusini

Kiswahili kina kitenzi chake cha asili cha kuzika, lakini jina la mahali ambapo mtu huzikwa kimelikopa. Kuzika ni kitenzi cha Kibantu, na jamaa zake wanapatikana katika lugha nyingi za bara. Kaburi limetokana na neno la Kiarabu qabr, ambalo liliongezewa irabu ili lifuate silabi za Kibantu, kisha likaingizwa katika ngeli ya li-/ya- pamoja na maneno kama jiwe na jicho. Wingi wa Kiarabu, qubur, uliachwa. Waswahili waliunda wingi wao wenyewe, makaburi, na wingi huo ndio uliokuja kubeba mzigo mkubwa zaidi. Anayesema kaburi hutaja shimo moja na mtu wake. Anayesema makaburi huweza kutaja mashimo kadhaa, na huweza vilevile kutaja uwanja mzima uliotengwa kwa ajili ya kuzikia. Maana hii ya pili haina umoja. Hakuna neno moja sahili ambalo Mtanzania wa kawaida hulitumia kuutaja uwanja huo bila kupitia wingi wa shimo.

Katika miji ya Iringa na Mbeya maana ya uwanja ndiyo iliyozoeleka. Mtu akiambiwa kwamba waombolezaji wameelekea makaburini, hahitaji kuuliza ni makaburi ya ukoo gani. Anachoweza kuuliza ni ya mtaa gani, au ya dini gani. Hata hivyo, mtu akitoka mjini kuelekea Tukuyu au vijiji vya Mufindi, neno hilohilo huanza kuyumba. Familia nyingi huko huzika nyumbani, kando ya migomba au pembeni mwa shamba, na wasemaji husema kwamba marehemu amezikwa kwake, au amezikwa kwao, bila kuona haja ya kulitaja kaburi. Mhadhara huu unachunguza namna neno kaburi lilivyopanda kutoka pwani hadi Nyanda za Juu Kusini, lilichokikuta huko, na yale ambayo hadi leo limeyaacha bila jina. Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Katika Tanzania, kitu kinachoitwa kaburi kina sheria yake. Kisichoitwa hivyo mara nyingi huhesabiwa kuwa ni ardhi tu.

Kaburi, maziara na mzimu katika Kiswahili cha pwani

Ni kosa kudhani kwamba Waswahili walikopa neno kaburi kwa sababu hawakuwa na neno lolote. Kutokana na kitenzi zika walikuwa na nomino mbili, mazishi na maziko. Ya kwanza imeelemea zaidi kwenye shughuli yenyewe, na ya pili imeweza kutaja shughuli na pia mahali. Kamusi za zamani zina pia neno mava, kwa maana ya uwanja wa kuzikia, ambalo leo limebaki kwa wazee na kwa watunzi wa mashairi. Juu ya hayo kuna maziara, neno linalosikika zaidi Lamu, Mombasa na katika visiwa. Asili yake ni Kiarabu pia, lakini mantiki yake ni tofauti kabisa na ya kaburi. Kaburi linataja kilichochimbwa, ilhali maziara yanataja kinachofanywa na walio hai, yaani kuzuru. Mahali pale panapata jina kwa sababu kuna mtu anayekwenda kumtembelea aliyelala pale, kumsomea na kumwombea dua.

Msamiati huu wa pwani ulikuwa na undani uliotokana na fiqhi ya Kiislamu na desturi za wenyeji. Kaburi lilikuwa na mwanandani, ile nafasi ya ndani ambamo maiti hulazwa. Maiti ilichukuliwa juu ya jeneza, na jeneza lenyewe lilirudishwa msikitini kumsubiri mwingine. Methali isemayo kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti haieleweki vizuri bila kuyajua mafundisho kuhusu maswali anayoulizwa marehemu baada ya watu kuondoka. Leo methali hiyo hutumiwa na Wakristo wa Makambako na Mbozi kwa maana ya kwamba mwenye shida ndiye aijuaye shida yake, na wengi wao hawana habari na maswali hayo. Huo ndio mwendo wa kawaida wa methali: husafiri kwa wepesi zaidi kuliko elimu iliyoizaa.

Neno linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi katika kundi hili, hata hivyo, ni mzimu. Mzizi wake ni wa Kibantu na umeenea sana, ukiwa na maana inayohusu roho za waliotangulia. Katika Kiswahili cha pwani mzimu haukuwa roho peke yake. Ulikuwa pia mahali: pango, mti mkubwa, au kichaka ambapo watu walipeleka sadaka na kuomba. Majina ya mahali kama Mzimuni, yanayopatikana hata ndani ya jiji la Dar es Salaam, yanatunza maana hiyo. Kutokana na mzizi huohuo kuna kuzimu, ambamo kiambishi ku- cha mahali kimeganda na kuwa sehemu ya neno. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilikuwa na neno la asili la kumtaja aliyekufa na pahali pake kwa pamoja, bila kuvitenganisha. Lakini Uislamu uliushusha mzimu hadhi. Mahali pa heshima pakaitwa kaburi au maziara, na mzimu ukabaki kuwa jambo la washirikina. Neno lilipoanza safari ya kuelekea bara lilikuwa tayari limechafuka.

Usanifishaji uliukamilisha mgawanyo huo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Vitabu vya shule, fomu za serikali na tafsiri za Biblia zilihitaji neno moja lisilo na utata. Kaburi lilishinda bila upinzani. Maziara yalibaki pwani na mava yakazeeka, ilhali mizimu ilipewa nafasi katika hadithi za kutisha watoto.

Neno linapanda milimani

Nyanda za Juu Kusini hazikuwa zikilisubiri neno hilo. Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, ambao Godfrey na Monica Wilson waliishi nao na kuwachunguza katika miaka ya 1930, mazishi yalikuwa shughuli kubwa kuliko karibu shughuli nyingine zote za jamii. Godfrey Wilson alichapisha mwaka 1939 uchunguzi wake kuhusu taratibu hizo, na Monica Wilson akaziendeleza katika vitabu vyake vya mwaka 1957 na 1959. Maandishi hayo yanaonyesha kwamba mtu wa kawaida alizikwa nyumbani, miongoni mwa watu wake, na kwamba marehemu waliendelea kuhesabiwa kuwa wamo katika ukoo kwa jina la abasyuka. Watawala walikuwa na hali nyingine. Pale walipozikwa palikua miti, na miti hiyo haikukatwa. Msitu mdogo ukazaliwa, ukatunzwa na makuhani, ukawa mahali pa kuomba mvua na mavuno. Mashuhuri zaidi ni msitu wa Lubaga, unaohusishwa na Lwembe, ambaye aliheshimiwa na machifu wa Unyakyusa na hata ng'ambo ya Mto Songwe.

Jambo la kuzingatia kwa mwanaisimu ni kwamba katika mahali kama Lubaga shimo halina umuhimu mkubwa. Baada ya vizazi kadhaa hakuna anayeonyesha kwamba mwili ulilazwa hapa na kichwa kikaelekezwa kule. Kinachojulikana ni mpaka wa miti, nani anaruhusiwa kuingia, na kwa sababu gani. Kuuita msitu huo kaburi ni kuupunguza. Kuuita msitu tu ni kuupunguza zaidi. Neno ambalo lingefaa, mzimu katika maana yake ya zamani ya mahali, lilikuwa limekwisha kuharibika kabla ya kufika. Ndiyo maana mwandishi wa Kiswahili anayeandika leo juu ya Lubaga hulazimika kusema msitu wa mizimu, na msomaji wa Dar es Salaam huona mbele yake pahali penye vitu vya kutisha usiku. Mnyakyusa mzee aliyekuwa akiinamisha kichwa alipopita pale asingeitambua picha hiyo.

Kwa Wahehe mkazo ulikuwa kwenye mtu na tambiko. Roho za waliokufa, masoka, zilikumbukwa na wazao wao kwenye makaburi ya wazee, na kaburi la mtawala lilikuwa mahali pa serikali kama ilivyokuwa ngome yake. Munyigumba, aliyeziunganisha koo na himaya ndogondogo kuwa dola moja, alifariki karibu na mwaka 1879 na akazikwa Rungemba, katika eneo ambalo sasa ni la Mufindi. Jina la mahali na jina la aliyezikwa yalishikamana kiasi kwamba kulitaja moja kulitosha kulikumbusha jingine. Huu ni utaratibu wa kuyataja makaburi ambao sarufi haiuoni kwa urahisi, kwa sababu hauhitaji nomino ya jumla hata kidogo.

Kiswahili kilifika huku kwa njia kadhaa. Wafanyabiashara wa misafara walikuwa wamekwisha kukaa katika miji ya machifu kabla ya Wajerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa na kujenga vituo vyao. Wao walihubiri kwanza kwa lugha za wenyeji, ila shule na ofisi ziliwavuta kwenye Kiswahili baadaye. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi ambacho kiliitwa Iringa, jina linalotokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome au boma la ukuta, ambalo kwanza lilikuwa la Kalenga. Askari, makarani na maakida wa serikali hiyo walisema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walipokufa mbali na makwao walizikwa kwa utaratibu wa dini yao, katika uwanja uliotengwa, kandokando ya mji.

Hapa pana jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Makaburi kwa maana ya uwanja yalianza katika miji hii kama mahali pa wageni. Mwenyeji alikuwa na kwao, alizikwa huko. Asiyekuwa na kwao karibu ndiye aliyehitaji uwanja wa watu wote. Hali hiyo ilijirudia Mbeya, mji uliokua katika miaka ya 1920 na 1930 kwa nguvu ya dhahabu ya Lupa, ambayo iliwavuta wachimbaji na vibarua kutoka pande zote za nchi na nje yake. Mji wa watu waliotoka kwingine ulikuwa pia mji wa makaburi ya watu waliotoka kwingine. Ndiyo sababu hata leo familia yenye uwezo husafirisha maiti kutoka Mbeya mjini, au kutoka Dar es Salaam, hadi Kyela au Ileje, na matangazo ya vifo husema kwamba maziko yatafanyika nyumbani kwao marehemu. Neno maziko, lililopoteza nafasi yake kama jina la uwanja, limepata kazi mpya katika matangazo hayo.

Maneno mengine ya kundi hili nayo yalibadilika kadiri yalivyopanda. Jeneza liliacha kuwa kitu cha kubebea na kurudishwa. Kwa Wakristo wa bara likawa sanduku linaloteremshwa kaburini pamoja na maiti, na maana hii sasa ndiyo inayotawala hata katika magazeti. Kuzimu kulichukuliwa na wafasiri wa Biblia ili kutaja mahali pa wafu, kukawekwa chini ya ardhi na kutiwa giza, ingawa mzizi wake ulikuwa umewahusu wazee waliokaa karibu na nyumba. Ziara nayo iliyaacha makaburi ikaenda serikalini. Mtu wa Iringa akisikia ziara hufikiria msafara wa magari ya Mkuu wa Mkoa.

Maziko mawili ya Mkwawa

Hakuna mahali ambapo neno kaburi limejaribiwa vikali zaidi kuliko katika habari za Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Baada ya majeshi yake kukishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na baada ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, Mkwawa alipigana vita vya kuviziana kwa miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, alijiua kwa risasi. Askari wa Kijerumani walikikata kichwa chake na kukipeleka Iringa. Mwili ulizikwa Mlambalasi, upande wa njia inayoelekea sasa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Kichwa hicho kiliingia hadi katika mkataba wa amani wa Versailles wa mwaka 1919, ambao kifungu chake cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi hiyo sita ilikuwa zaidi ya miaka thelathini. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia jambo hilo, akaenda Bremen, na fuvu moja lililokuwa katika jumba la makumbusho la mji huo likateuliwa baada ya kupimwa na kulinganishwa na vichwa vya jamaa wa ukoo huo. Mwezi Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa huyo, hapo Kalenga. Kama fuvu hilo ni lake kweli, ni swali ambalo wanahistoria hawajaliacha. Kwa wananchi waliolipokea lilikuwa lake.

Sasa Mkwawa ana mahali pawili, na Kiswahili kina neno moja. Mlambalasi panaitwa kaburi la Mkwawa, na jina hilo ni sahihi kwa kuwa mwili uliwekwa ardhini. Fuvu la Kalenga halikuzikwa. Limewekwa ndani ya kioo katika nyumba inayoitwa makumbusho, mahali ambapo wageni hulipa kiingilio, wanafunzi huandika maelezo, na watu wa ukoo huja kwa sababu zao. Nomino makumbusho imetokana na kitenzi kumbusha: ni mahali panapomfanya mtu akumbuke. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani kumbusha humhusu aliyesahau. Mtu wa ukoo anayekwenda Kalenga kutambika hakusahau chochote, wala hakuja kukumbushwa. Kitendo chake kingeitwa ziara katika maana ya Lamu, lakini kwa Kiswahili cha Iringa ziara ni ya kiongozi. Karibu na hapo wamezikwa Chifu Sapi na Adam Sapi mwenyewe, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1999. Hivyo katika kijiji kimoja mtoto na mjukuu wana makaburi, na baba yao ana kioo.

Tatizo hilo halikuishia Uhehe. Mjini Songea, katika mkoa jirani wa Ruvuma, wapiganaji wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 walizikwa pamoja, na Nduna Songea Mbano akazikwa peke yake. Inaaminika kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha. Katika habari za tukio hilo magazeti ya Kiswahili yalihangaika na maneno mabaki, mafuvu na miili. Mabaki ni neno baridi. Ni kile kinachosalia baada ya kilicho muhimu kuondoka, kama makombo ya chakula. Aliyekatwa kichwa na kupelekwa ng'ambo ameachwa bila nomino ya heshima, na waandishi wanastahili kuhurumiwa kuliko kulaumiwa.

Mlambalasi penyewe pana tabaka nyingine. Karibu na kaburi la Mkwawa kuna pango ambalo wanaakiolojia, wakiwamo Pamela Willoughby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta waliofanya kazi huko mwaka 2006 na 2010, walikuta ndani yake mifupa ya watu wa Enzi ya Chuma na ya watu wa zamani zaidi sana, wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2022 vinasaba vya mmoja wao vilichapishwa pamoja na vya watu wengine wa kale kutoka Tanzania, Malawi na Zambia. Watafiti huita mahali kama hapo eneo la kiakiolojia. Wenyeji huliita pango, na kilima kizima huhusishwa na Mkwawa. Hakuna aliyewahi kuwaita watu hao wa kale marehemu. Neno marehemu, ambalo kwa asili ni aliyerehemiwa, humhitaji mtu anayelitamka awe na uhusiano fulani na aliyekufa, japo wa kumwonea huruma. Inaelekea miaka elfu kumi ni mingi mno kwa rehema za kawaida.

Makaburi ya wageni waliofika baadaye hayana matatizo mengi. Huko Ifunda, wakimbizi wa Kipolandi walioletwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili waliacha makaburi yenye misalaba na majina. Lugalo pana mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa mwaka 1891, nao huitwa mnara, wala hakuna aliyechanganya mnara na kaburi. Wageni walikuja na desturi ya kuandika majina juu ya mawe, na jiwe lenye jina halimsumbui mtu wa kamusi.

Mahame, sheria na kuhesabu makaburi

Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka katika makazi yaliyotawanyika kwenda katika vijiji vilivyopimwa. Huko Iringa na Mbeya, kama kwingineko, nyumba zilihamishika kwa sababu zingeweza kujengwa upya, na mifugo iliweza kuswagwa. Waliozikwa nyumbani walibaki. Kiswahili kina neno zuri sana kwa mahali palipoachwa namna hiyo, nalo ni mahame, kutoka kitenzi hama. Mahame hujulikana kwa miembe mikongwe, mawe ya mafiga, na vichuguu vya udongo ambavyo mpita njia asiye mwenyeji hawezi kujua kama ni vya msingi wa nyumba au ni vya mtu. Neno hilo huwahesabu waliohama. Waliobaki chini ya ardhi hawamo ndani ya maana yake. Familia kadhaa ziliendelea kurudi kwenye mahame yao kufagia na kutambika, na baadhi zilirudi huko moja kwa moja baadaye, sera ilipolegea.

Sheria ilikuwa imetangulia. Mwaka 1969 Bunge lilitunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi, inayoiruhusu serikali kuhamisha makaburi na maiti zilizomo pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Ni sheria fupi, na ina uungwana ambao wengi hawautarajii: fidia inayotolewa kwa wahusika hulipia gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko ya kutuliza au kusafisha yanayoambatana na kazi hiyo. Mtunga sheria aliyeandika kwa Kiingereza alijua kwamba katika nchi hii mwili hauhamishwi kama gunia. Alimpa mwenye kaburi haki ya tambiko. Lakini ili mtu apate haki hiyo ni lazima kwanza aonyeshe kaburi, na ndani ya kaburi iwemo maiti.

Barabara zinapopanuliwa, au mradi wa umeme, mgodi au shamba kubwa linapoanzishwa, wathamini hupita kwa miguu na kuhesabu. Huhesabu nyumba, migomba, miti ya matunda, na makaburi moja baada ya jingine. Kaburi la saruji lenye msalaba huonekana haraka. Kichuguu cha udongo huhitaji mzee wa kukithibitisha. Msitu ambao ndani yake machifu walizikwa vizazi vingi vilivyopita, bila alama juu ya ardhi, huweza kuandikwa kwenye fomu kuwa ni miti ya asili, na mzee anayepinga huulizwa kaburi liko wapi. Hawezi kunyoosha kidole. Akisema kwamba msitu wote ndio, atakuwa amesema kweli, na fomu haina safu ya kuijaza kweli hiyo. Akisema hapo pana mizimu, vijana watacheka na mchungaji atakunja uso.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, jambo hili limetoka katika madarasa ya isimu na kuingia katika meza za wafasiri. Kulitafsiri neno la Kiingereza la sheria ya mwaka 1969 kwa kaburi ni sahihi kikamusi. Hata hivyo, Kiswahili kinaruhusu zaidi ya hapo. Kirai mahali pa kuzikia, chenye kiambishi cha mahali pa- kinachofahamika vizuri kwa msemaji wa Kinyakyusa na wa Kihehe pia, hakidai shimo wala idadi. Kinakubali uwanja, msitu, pango na kando ya migomba. Kirai hicho kimekuwamo katika Kiswahili muda wote, na kimejengwa kwa kitenzi ambacho hakijawahi kukopwa. Wazee wa Rungwe hukitumia bila kufundishwa na mtu, wanapomwonyesha kijana mahali ambapo hapaswi kukata kuni.